KUHIFADHI MAJIBU YA FOMU WAKATI MISTARI YAKE INAPOPANGWA UPYA

Maelezo kwa watumishi wa Serikali na wananchi wanaojaza fomu kwa njia ya tovuti

Fomu nyingi zinazojazwa siku hizi kwa njia ya tovuti hazimtaki mwombaji aandike tu, bali humtaka pia apange. Mzazi anayeandikisha watoto huorodhesha majina yao kwa kufuata umri. Kijana anayeomba nafasi ya masomo huzipanga skuli kwa kadiri anavyozipendelea. Karani anayekusanya taarifa za kaya katika shehia hulazimika kumhamisha mkuu wa kaya kutoka mstari wa nne hadi wa kwanza baada ya kubaini kwamba alimwandika mwisho. Ili kuirahisisha kazi hiyo, kurasa za namna hii humruhusu mtumiaji kuushika mstari kwa kipanya au kwa kidole, kuuburuta hadi mahali anapotaka, kisha kuuachia.

Tendo hilo ni jepesi kwa macho, lakini ndani ya kompyuta lina uzito wake. Imebainika kwa watengenezaji wa programu kwa muda mrefu kwamba ukurasa usiotengenezwa kwa uangalifu unaweza kuyapoteza majibu yaliyokwisha kujazwa pale mstari unapohamishwa, au, jambo ambalo ni baya zaidi, ukayaacha majibu hayo yakabaki mahali pao pa zamani na kumwangukia mtu mwengine. Hitilafu hiyo haina kelele. Kompyuta haizimiki, wala ukurasa hautoi onyo lolote. Mzazi huiona orodha imepangika kama alivyotaka, akabonyeza kitufe cha kupeleka, na alama iliyosema kwamba mtoto wake wa tatu ana mzio wa dawa ikapokelewa ofisini ikiwa imeandikwa mbele ya jina la mtoto wa kwanza.

Maelezo yanayofuata yanakusudiwa kwa makundi mawili: watumishi ambao ofisi zao huagiza, hukagua au hupokea fomu za aina hiyo, na wananchi wanaozijaza. Hayamtaki msomaji awe fundi wa kompyuta. Hata hivyo, afisa anayetia saini kupokea kazi ya fundi hana budi kujua ni maswali gani ya kumuuliza.

Maandishi ya chapa na maandishi ya kalamu

Ukurasa wa tovuti huandikwa kwa lugha iitwayo HTML. Kivinjari kikishausoma ukurasa huo hakiuweki kama maandishi matupu, bali huujenga katika kumbukumbu ya kompyuta kwa mfano wa mti: fomu ni shina, mistari ni matawi, na visanduku vya kujazia ni majani. Kanuni za kwanza za mti huo zilipitishwa na jumuiya ya W3C tarehe 1 Oktoba 1998, na ndizo zinazoiwezesha programu iliyoandikwa kwa lugha ya JavaScript kukata tawi mahali pamoja na kulipachika mahali pengine bila ya ukurasa mzima kuitwa upya kutoka kwenye seva.

Ni vyema ifahamike kwamba kila kisanduku cha kujazia hubeba thamani mbili, wala si moja. Ya kwanza ni thamani ya mwanzo, yaani ile iliyoandikwa katika HTML na mtengenezaji wa ukurasa. Ya pili ni thamani ya sasa, yaani ile aliyoiandika mjazaji. Mfano wake ni fomu ya karatasi. Maneno yaliyopigwa chapa katika karatasi hiyo ni ya ofisi, na maneno ya wino ni ya mwombaji. Mtu akiiendea mashine ya chapa na kuagiza nakala nyengine ya fomu ileile, atapewa karatasi safi isiyo na wino hata kidogo, kwa sababu mashine haikupata kujua kwamba pana mtu aliyeandika.

Hapo ndipo ilipo sababu ya kwanza, na iliyo kongwe kuliko zote, ya majibu kupotea. Mtengenezaji anayetaka njia ya mkato huuchukua mstari, huugeuza kuwa maandishi ya HTML kwa kutumia kile kiitwacho innerHTML, huufuta pale ulipo, kisha huyaandika maandishi yale upya mahali papya. Kinachonakiliwa kwa njia hiyo ni chapa tu. Kisanduku cha maandishi hurudi kikiwa na thamani yake ya mwanzo, ambayo mara nyingi ni utupu. Kisanduku cha alama hurudi bila ya alama. Na orodha ya kuchagua hurudi kwenye chaguo lake la awali. Mwombaji aliyetumia nusu saa kueleza historia ya kiwanja chake katika kisanduku kirefu huyaona maelezo yake yametoweka kwa sababu tu alikisogeza kipengele kile juu kwa hatua moja.

Athari yake huwa kubwa zaidi katika visanduku vya kuambatishia hati. Kwa sababu za usalama, vivinjari haviiruhusu programu ya ukurasa kuandika jina la faili lililoko katika kompyuta ya mtumiaji. Lau ingeruhusiwa, tovuti yoyote yenye nia mbaya ingeweza kujichukulia hati za watu bila ya idhini yao. Kwa hivyo, maandishi yaliyofutika yanaweza kuandikwa tena na programu iwapo iliyahifadhi, lakini kisanduku cha hati kikishavunjwa na kujengwa kingine mahali pake, kwa kawaida hubaki kitupu mpaka mwenyewe aichague hati hiyo tena. Mwombaji asiyelitambua hilo hupeleka maombi yasiyo na cheti cha kuzaliwa, na ofisi humwandikia kwamba hakukiambatisha, ilhali yeye ana hakika kwamba alikiambatisha. Kila upande husema kweli kwa mujibu wa ulichokiona.

Kuhamisha kwenyewe

Njia sahihi ni kulihamisha tawi lenyewe la mti, si kulivunja na kuchonga jengine linalofanana nalo. Amri za appendChild na insertBefore hufanya hivyo: zikipewa kipengele ambacho tayari kimo katika ukurasa, hukitoa mahali kilipo na kukiweka mahali papya, pamoja na kila kilichomo ndani yake. Maandishi ya wino huenda pamoja na karatasi yake. Hati iliyoambatishwa nayo huendelea kuwepo.

Pamoja na ubora wake, njia hiyo haikukamilika, kwani kwa mujibu wa kanuni, kuhamisha huhesabiwa kuwa ni kuondoa kwanza na kuingiza baadaye. Katika kitambo hicho kifupi kipengele kinakuwa nje ya ukurasa, na mambo kadhaa yanayotegemea kuwemo kwake hukatika. Kisanduku kilichokuwa kikiandikiwa hupoteza mlengo wa kibodi, hata herufi inayofuata isiandikwe popote. Fremu iliyobeba ukurasa mwengine ndani yake, kwa mfano ramani au ukurasa wa malipo, huanza kupakiwa upya tangu mwanzo, na chochote kilichojazwa humo hupotea.

Upungufu huo uliendelea kwa miaka mingi. Mnamo Februari 2025 kivinjari cha Chrome, katika toleo lake la 133, kilileta amri mpya iitwayo moveBefore, ambayo hukihamisha kipengele bila ya kukitoa nje ya ukurasa hata kwa kitambo, na kwa hivyo hali ya fremu, ya mlengo wa kibodi na ya michoro inayotembea huhifadhiwa. Amri hiyo ina masharti yake: kipengele hakiwezi kuhamishwa kwayo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwengine, wala kutoka nje ya ukurasa kuingia ndani. Aidha, wananchi wengi hutumia simu na kompyuta zenye matoleo ya zamani ya vivinjari. Fundi mwangalifu huiuliza kwanza kompyuta kama inaifahamu amri hiyo, na kama haiifahamu hutumia insertBefore, kisha akaurudisha mlengo wa kibodi kwa amri nyengine.

Vitufe vya redio

Katika aina zote za vipengele vya fomu, hakuna kinachosumbua katika kuhamishwa kama vitufe vya duara ambavyo mjazaji huchagua kimoja tu kati ya kadhaa: mume au mke, ndiyo au hapana. Mafundi huviita vitufe vya redio, kwa kufananishwa na redio za magari za zamani ambazo kitufe kimoja kikibonyezwa kile kilichokuwa ndani huruka nje. Kufanana huko ndiko kiini cha tatizo. Kivinjari huvitambua vitufe vya kundi moja kwa jina lao la ndani: vitufe vyote vyenye jina moja katika fomu moja ni ndugu, na kati yao hawezi kuchaguliwa zaidi ya mmoja. Kanuni hiyo hutekelezwa papo hapo, si tu mtu anapobonyeza, bali pia kitufe kilichochaguliwa kinapoingizwa katika ukurasa au jina lake linapobadilishwa.

Hebu ichukuliwe hali ya kuburuta. Ili mtumiaji aone mstari ukifuata kipanya chake, baadhi ya programu hutengeneza nakala ya mstari huo na kuielea juu ya ukurasa mpaka atakapouachia. Nakala hiyo huwa na vitufe vyenye jina lilelile, na kile kilichochaguliwa katika mstari wa asili huwa kimechaguliwa katika nakala pia. Nakala inapoingizwa ndani ya fomu, kivinjari huona kundi moja lenye vitufe viwili vilivyochaguliwa. Hukiacha kile kipya na kukifuta cha asili. Mtumiaji anapouachia mstari, nakala hutupwa. Mstari wa asili umekaa mahali papya, lakini jibu lake limekwenda jaani pamoja na nakala. Aliyejaza hakugusa kitufe chochote.

Dawa yake ni nyepesi: kabla ya nakala kuingizwa, majina ya vitufe vyake yaondolewe, au nakala iwekwe nje ya fomu, au itumike picha ya mstari badala ya nakala yake. Ni jambo la mistari mitatu au minne ya programu. Aghlabu huachwa si kwa ugumu wake bali kwa kutojulikana, kwa kuwa fundi hujaribu kuburuta mistari mitupu isiyojazwa, na katika mistari mitupu hitilafu hii haionekani kabisa.

Hitilafu ya pili ya vitufe hivi imejificha zaidi. Mafundi wengi huzipa namba nafasi za orodha, na huziingiza namba hizo katika majina ya ndani: swali la kama mtoto anasoma huitwa anasoma_1 katika mstari wa kwanza, anasoma_2 katika wa pili, na kuendelea. Orodha ikipangwa upya, programu hupita kutoka juu hadi chini ikibadilisha majina ili namba zifuatane. Ikiwa mstari wa tatu umeletwa juu kabisa, vitufe vyake hupewa jina la anasoma_1. Lakini wakati huo mstari uliokuwa wa kwanza, ambao sasa ni wa pili, bado haujafikiwa, na vitufe vyake vingali na jina hilohilo la anasoma_1. Kwa muda usiofika hata sehemu ya sekunde, watoto wawili wana kundi moja la vitufe. Kivinjari hutekeleza kanuni yake na kulifuta jibu la mtoto aliyekuwa wa kwanza. Baada ya hapo programu huendelea, majina yote hukamilika kwa usahihi, na kila kitu huonekana kipo sawa, isipokuwa mtoto mmoja hana jibu.

Wapo wanaoitibu hali hiyo kwa kubadilisha majina kwa awamu mbili: kwanza mistari yote hupewa majina ya muda yasiyogongana, kisha hupewa yale ya mwisho. Njia hiyo hufaa. Iliyo bora zaidi ni kutobadilisha majina kamwe. Kila mstari upewe kitambulisho cha kudumu tangu unapozaliwa, na kitambulisho hicho, si nafasi yake, ndicho kiingie katika majina ya visanduku vyake. Nafasi ya mstari ihifadhiwe peke yake katika kisanduku kilichofichwa, na hicho ndicho kibadilike mistari inapohamishwa. Mtu akihama nyumba hutoa anwani mpya. Hapewi jina jengine.

Majibu yanayobaki nyuma

Kanuni hiyo ya kitambulisho cha kudumu ina umuhimu pia katika programu za kisasa za kujengea kurasa, kama vile React, iliyotolewa kwa umma na kampuni ya Facebook mwaka 2013. Programu za namna hii hazimtaki fundi ahamishe matawi kwa mkono. Yeye huzieleza orodha inavyotakiwa iwe, nazo huulinganisha mti wa zamani na mpya na kufanya mabadiliko machache iwezekanavyo. Ili zijue kwamba mstari fulani ni uleule uliokuwepo bali umehama, fundi huombwa aupe kila mstari ufunguo.

Asiyejali hutumia nafasi ya mstari kuwa ndio ufunguo: sifuri, moja, mbili. Hapo orodha ikipangwa upya, programu huona kwamba ufunguo sifuri bado upo wa kwanza, na wa moja bado upo wa pili, hivyo huamua kwamba hakuna mstari uliohama bali maandishi ya lebo tu ndiyo yaliyobadilika. Huandika majina mapya katika mistari ileile na kuviacha visanduku vya kujazia palepale vilipokuwa, na wino wao ndani. Majina yamehama, majibu yamebaki. Hii ndiyo hitilafu inayopaswa kuogopwa kuliko kupotea kwa majibu, kwa kuwa kisanduku kitupu humshtua mwenye kukagua, lakini kisanduku kilichojaa jibu la mtu mwengine hakimshtui yeyote.

Jambo linalokaribiana na hilo hutokea wakati wa kupeleka fomu. Kivinjari hupeleka majibu kwa utaratibu wa mti, yaani kisanduku kilichotangulia katika mti hutangulia kupelekwa. Baadhi ya mafundi, kwa kuogopa kupoteza majibu, huiacha mistari mahali pake katika mti na kubadilisha mwonekano tu kwa amri za mitindo. Majibu husalimika kweli, lakini seva hupokea mpangilio wa zamani, na kitufe cha kibodi cha kurukia kisanduku kinachofuata hurukaruka ovyo juu na chini.

Zaidi ya hayo, kisanduku cha alama ambacho hakikutiwa alama hakipelekwi kabisa. Hakipelekwi hata kama jibu la hapana. Fomu ikiwa na watoto watatu, na alama ya mzio wa dawa ikawa mbele ya mtoto wa tatu pekee, seva inaweza kupokea majina matatu na alama moja. Iwapo programu ya upande wa ofisi inayasoma majina na alama kama orodha mbili zinazokwenda sambamba, alama hiyo moja ni ya kwanza katika orodha yake, na huwekwa mbele ya jina la kwanza. Mfano wa mzio uliotajwa mwanzoni mwa maelezo haya hutokana hasa na kosa hili, na linaweza kutokea hata bila ya mstari wowote kuburutwa. Kitambulisho cha kudumu katika majina ya visanduku huliondoa, kwa sababu alama hufika ikiwa imebeba kitambulisho cha mwenyewe.

Kuburuta kwenyewe

Desturi ya kuburuta vipengele katika kurasa ilianzishwa na kampuni ya Microsoft katika kivinjari chake cha Internet Explorer toleo la 5, mwaka 1999, na baadaye ikaingizwa katika kanuni za HTML. Ilibuniwa kwa ajili ya kipanya, na kwa miaka mingi vivinjari vingi vya simu havikuiitikia. Ndiyo maana kurasa nyingi hutumia programu za ziada ili kidole nacho kiweze kuburuta.

Katika fomu, kuburuta kuna mitego miwili inayofaa kutajwa. Mstari mzima ukifanywa kuwa wa kuburutwa, mtu anayejaribu kuyachagua maneno ndani ya kisanduku ili ayasahihishe huenda akajikuta anauhamisha mstari. Kwa hivyo inafaa mstari uwe na kishikio chake pembeni, na kishikio hicho pekee ndicho kiburute. Mtego wa pili ni kwamba kivinjari, kwa tabia yake, huruhusu maandishi yanayoburutwa kudondoshwa ndani ya kisanduku cha maandishi. Programu ikiubebesha mstari maandishi ya siri ya kuutambulisha, na mtumiaji akauachia kwa bahati mbaya juu ya kisanduku, maandishi yale huingizwa katikati ya jibu lake. Afisa akiona katika maombi neno lisiloeleweka mfano wa mstari-3 limekaa ndani ya anwani ya mtu, asifanye haraka kumlaumu mwombaji.

Aidha, wapo wasioweza kuburuta kabisa: wenye mikono inayotetemeka, wasioona wanaotumia kisomaji cha skrini, na wanaotumia kibodi pekee. Miongozo ya WCAG toleo la 2.2, iliyotolewa na W3C tarehe 5 Oktoba 2023, inataka kwamba kazi yoyote inayofanywa kwa kuburuta iwezekane pia kufanywa kwa kubonyeza bila ya kuburuta, isipokuwa pale ambapo kuburuta ni sharti lisiloepukika. Miongozo hiyo inataka pia kazi za ukurasa ziwezekane kwa kibodi. Katika orodha, vitufe viwili vya Juu na Chini katika kila mstari hutosheleza mahitaji yote mawili. Hapa, hata hivyo, hurejea lile suala la mlengo: kitufe cha Juu kimo ndani ya mstari unaohama, na mstari ukihamishwa kwa insertBefore mlengo hupotea. Asiyeona aliyetaka kuupandisha mstari wake kwa hatua tatu hubonyeza mara moja, akatupwa mwanzo wa ukurasa, akaanza kuutafuta tena. Ni wajibu wa programu kuurudisha mlengo kwenye kitufe kilekile na kutoa tangazo litakalosomwa na kisomaji, kwa mfano kwamba mstari umehamia nafasi ya 2 kati ya 5.

Akiba ya muda

Ofisi nyengine hupenda fomu ijihifadhi yenyewe kila mara, ili umeme au mtandao ukikatika majibu yasipotee. Vivinjari vina akiba mbili za kazi hiyo. Iitwayo sessionStorage hudumu mpaka dirisha la ukurasa linapofungwa, na iitwayo localStorage hubaki katika kompyuta hata baada ya kufungwa. Zote mbili hufaa kuhifadhi majibu pamoja na mpangilio wa mistari, mradi kila jibu liwekwe chini ya kitambulisho cha mstari wake. Likiwekwa kwa nafasi, matatizo yote yaliyokwisha kuelezwa hurejea kwa mlango wa nyuma.

Katika kompyuta zinazotumiwa na watu wengi, kama zile za maktaba, za skuli au za chumba cha mapokezi, akiba ya kudumu haifai kwa taarifa za afya, namba za vitambulisho wala taarifa za fedha, kwani anayekaa kwenye kiti baada ya mwombaji kuondoka anaweza kuikuta. Fomu ya namna hiyo inapaswa kuifuta akiba yake mara inapopelekwa, na pia mjazaji anapoghairi.

Majaribio kabla ya kuipokea fomu

Afisa anayekabidhiwa fomu mpya yenye mistari inayohamishika anashauriwa asiijaribu ikiwa tupu. Ajaze mistari mitatu kwa majibu yaliyo tofauti kabisa: katika kila mstari aandike maneno yake, achague jibu lake katika vitufe vya redio, na aambatishe hati yenye jina lake, kisanduku cha alama akitie alama katika mstari wa tatu pekee. Kisha auburute mstari wa tatu uje juu, na akague mistari yote, si ule uliohama tu, kwa kuwa katika hitilafu ya majina anayepoteza jibu ni yule ambaye hakuguswa. Baada ya hapo aurudishe ulipotoka, akague tena. Aanze kuuburuta mstari mwengine na aghairi katikati kwa kubonyeza kitufe cha Esc. Ajaribu kwa simu, na ajaribu kwa kibodi pekee huku kipanya kikiwa kimechomolewa.

Mwisho aipeleke fomu na asiridhike na ujumbe wa kupokelewa. Afungue kumbukumbu upande wa ofisi na kuilinganisha, jina kwa jina na jibu kwa jibu, na kile alichokiona katika skrini yake kabla ya kupeleka. Inafaa karatasi ya jaribio hilo ihifadhiwe katika jalada la fomu husika, na jaribio lirudiwe kila fundi anapoifanyia fomu marekebisho, hata yakiwa ya rangi tu.

Kwa upande wa wananchi, wanakumbushwa kwamba baada ya kuhamisha mstari wowote wapitie upya majibu ya orodha nzima kabla ya kubonyeza kitufe cha kupeleka, na wahakikishe kuwa majina ya hati walizoambatisha bado yanaonekana. Pale ambapo fomu inatoa muhtasari wa majibu, usomwe na uchapishwe au nakala yake ihifadhiwe. Mtu akiona kwamba jibu lake limehama au limefutika, asilijaze tena na kuliacha hapo. Aijulishe ofisi inayohusika kwa kutaja mstari alioushika, mahali alipouhamishia, na aina ya simu au kompyuta aliyoitumia, maana kwa taarifa hizo tatu fundi anaweza kuirudia hitilafu ileile mbele ya macho yake na kuirekebisha.